Bitana

Ilianzia Bombo, wodi ya juu,
donge la uzi wa rangi ya samli liliponiponyoka
likashuka ngazi peke yake,
likapita chini ya toroli la chai,
likamzunguka mfagizi mguu mmoja,
na mimi nyuma, nimeinama, navuta, naomba radhi.
Dada yangu Mwanahija, siku tatu hajacheka,
alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

"Shona mfuko," akasema. "Utatuaibisha."

Basi. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku
kazi yangu ya kroshia imelala kwenye sufuria lililotoboka,
imelala kwenye foronya,
imelala hata kwenye helmeti ya mwanangu.
Nikaenda Makorora kwa Mwanakombo,
anayefuma uani kwa kitanda cha mbao,
mguu huu, mguu ule,
mshindio ukipenya katikati ya mtande
kama mtoto anayetumwa dukani, anarudi, anatumwa tena.
Akanipa kipande cha mwisho wa mtande,
kile asichoweza kukiuza:
rangi ya udongo wa Pongwe, mstari wa bluu umepinda
pale alipoitwa kula.

Siku mbili nilikitazama tu.
Kitambaa cha jora hukatwa huku mtu anapiga soga;
hiki kina saa za mtu ndani yake,
na ukikitia mkasi kinaanza kufumuka, uzi baada ya uzi,
kama siri iliyopata mdomo.
Nikampigia simu.
"Kata," akasema. "Sikukifuma kitazamwe.
Na pindo ulikunje mara mbili, usije ukanirudia hapa."

Nikakata.

Vingine vilikuwemo humo humo ndani:
zipu ya sketi ya shule ya Riziki, meno mawili hayapo;
kifungo cha shaba cha koti la baba, koti la reli,
kilichosalia baada ya koti kuwa tambara la kufutia baiskeli;
kamba ya mkonge wa Ngomeni, niliyoisokota pajani
mpaka paja likawa kama limechapwa;
na kwa chini, kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu,
maana sakafu ya hospitali haikauki deki.

Bitana ni kanga.
Tulinunua doti moja, mimi na Mwanahija,
mwaka ule wa harusi ya Zainabu mdogo,
tukaigawana, yeye kipande, mimi kipande.
Changu kimebeba watoto watatu,
kimeepua vyungu, kimechuja.
Palipobaki pazima ni padogo, penye jina,
na jina lenyewe, ULIPO NAMI lilikwenda na matobo.
Likasalia NIPO.

Cherehani niliazima kwa Bi Saumu,
kwa sharti irudi na mafuta yake.
Sindano mbili zilivunjika pale konani,
kamba na kanga na mwavuli vilipokutana
kama wake wenza mlangoni.
Alfajiri nikaupindua mfuko, nikauweka sawa, nikafungua:
NIPO kichwa chini, miguu juu.
Nikasema neno ambalo halisemwi wakati wa adhana.
Kufumua? Kitambaa hiki hakifumuliwi kikabaki kitambaa.
Nikaacha.

Saa ya kutazama wagonjwa niliuweka kitandani
kati yangu na yeye, nikaufungua, natafuta sindano.
Upande wangu neno limepinduka.
Mwanahija, upande wa pili, akainama,
akalisoma bila kugeuza shingo.

Akaingiza mkono, akaupitisha pale pale, polepole,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Mimi nikashughulika na uzi.

"Zipu inakwama," akasema.
"Inakwama."
"Ipake mshumaa."